Andy Irvine: uanze kumsikiliza akiwa na Planxty, au akiwa na Paul Brady?

Ukitafuta jina la Andy Irvine, mwimbaji na mpiga mandolini wa muziki wa asili wa Ireland, kwenye programu ya muziki utaletewa kidogo kuliko alichofanya. Kazi yake nyingi imetoka kwa majina ya bendi: Sweeney's Men, Planxty, Patrick Street, Mozaik, Usher's Island. Nyingine imetoka kwa majina mawili, lake na la mwenzake, na kila mara mwenzake mwingine. Anayetaka kuanza hubonyeza wimbo wowote uliotokea juu, akausikiliza nusu, akaenda zake. Nimeliona hilo kwa rafiki zangu watatu niliowamwagia sifa za bwana huyu, na bado naamini wote watatu wangempenda kama ningewaanzishia pengine. Niliwatumia kiungo kilekile wote bila kuwauliza kwanza wanapenda nini kwenye muziki: maneno, sauti ya mtu, ala, au mdundo.

Kwa hiyo hapa nalinganisha. Nitakaa zaidi kwenye albamu mbili, Planxty ya 1973 na Andy Irvine/Paul Brady ya 1976, kwa sababu uamuzi wa watu wengi uko kati ya hizo. Nyingine nitazipitia kwa ajili ya wenye masikio yao maalumu.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa London tarehe 14 Juni 1942. Mama yake alitoka Lisburn, Ireland ya Kaskazini, na baba yake alikuwa Mskoti wa Glasgow. Utotoni alikuwa mwigizaji, na gitaa alianza kulisomea kwa mtindo wa klasiki. Kisha akamsikia Woody Guthrie, Mmarekani aliyeimba habari za vibarua na watu waliohama makwao kwa njaa, na masomo ya klasiki yakaishia hapo. Guthrie alipokuwa amelazwa na ugonjwa uliomuua mwaka 1967, kijana huyu alikuwa akiandikiana naye barua kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Irvine akahamia Dublin, mji ambao wanamuziki wake walikuwa wakikutana kwenye baa ya O'Donoghue's, mtaa wa Merrion Row. Mwaka 1966 wakaanzisha Sweeney's Men, yeye, Johnny Moynihan na Joe Dolan.

Huyo Moynihan ndiye aliyeingiza buzuki kwenye muziki wa Ireland. Buzuki ni ala ya Wagiriki, shingo ndefu, nyuzi zake zimepangwa jozi jozi. Miaka kumi haikupita kabla watu hawajaanza kuiona kama ya Ireland tangu zamani. Msikilizaji wa taarab hatashangaa: fidla na akodioni nazo zilitoka mbali, na leo nani atathubutu kuzitoa?

Mwaka 1968 Irvine aliiacha bendi hiyo, akashika njia kwenda Ulaya ya Mashariki, akiomba lifti na kupiga muziki barabarani: Yugoslavia, Bulgaria, Romania. Alirudi na mapigo ambayo Ireland haikuwa nayo. Nitayaeleza huko mbele, maana yamejificha karibu kila mahali katika kazi zake za baadaye.

Planxty, 1973

Wanne: Christy Moore, Dónal Lunny, Liam O'Flynn na Irvine. Moore na Lunny walifahamiana tangu ujana wao mjini Newbridge, wilaya ya Kildare. Wote wanne walikusanyika kumsaidia Moore kurekodi albamu yake kwenye kijiji kiitwacho Prosperous, hukohuko Kildare, na walipomaliza waliona ni hasara kutawanyika. Jina "planxty" ni neno alilolitumia mpiga kinubi Turlough O'Carolan, aliyeishi kati ya 1670 na 1738, kwa vipande alivyowatungia watu waliomkaribisha na kumlisha. Albamu yao ya kwanza ina jalada jeusi, na wapenzi wake hadi leo wanaiita albamu nyeusi.

Kinachoitenganisha albamu hii na ile ya 1976 ni zumari la O'Flynn. Zumari la mfuko la Ireland halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anaketi, mivukuto imefungwa chini ya kiwiko cha mkono wa kulia, mfuko uko chini ya kwapa la kushoto. Kiwiko kimoja kinaleta upepo, kingine kinaukamua, na vidole viko juu ya bomba la kupigia, ambalo mpigaji huliegemeza kwenye paja ili kulifunga kila anapotaka kuikata sauti. Pembeni kuna mabomba mengine yanayovuma sauti moja muda wote, kama mtu anayeguna taratibu chini ya mazungumzo. Ukiwa hujawahi kuisikia ala hii, dakika ya kwanza inaweza kukukera. Mpe O'Flynn dakika mbili zaidi. Alifundishwa na Leo Rowsome, mmoja wa mafundi wakubwa wa zumari hilo katika karne ya 20, na hakuna mahali anapoharakisha.

Wimbo wa kwanza wa albamu unatosha kukuonyesha bendi ilikuwa ikifanya nini. Moore anaimba hadithi ya mke wa bwana mkubwa anayeacha kitanda chake cha manyoya kuwafuata Wajipsi. Hadithi inakwisha, lakini nyuzi hazisimami. Bila pumziko, mandolini na buzuki zinageuka na kuingia kwenye kipande cha kinubi cha Ruairí Dall Ó Catháin, kipofu aliyepiga kinubi takriban miaka mia nne iliyopita, na zumari linakuja kukibeba. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba Irvine na Lunny hawapigi kitu kimoja. Lunny ameshika nyuzi nzito na mdundo. Irvine yuko juu na mandolini, anapita kwenye nafasi ambazo Lunny amemwachia. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Kwa muziki wa Ireland lilikuwa jipya, kwa sababu wapigaji wa zamani walipiga sauti moja wote pamoja, na waimbaji wa Kiairishi wa zamani waliimba bila ala yoyote.

Sasa upungufu, kama ni Irvine unayemtafuta. Anayeimba zaidi hapa ni Moore. Irvine anapata nafasi chache, ukiwemo "The West Coast of Clare", wimbo alioutunga mwenyewe juu ya pwani ya magharibi ya Ireland na mtu aliyepotea kwenye maisha yake. Ni wimbo mtulivu mno, na sauti yake nyembamba imeuvaa vizuri. Lakini ukiifungua albamu hii kwa sababu ya jina lake, itakubidi umsubiri zamu yake kama unavyosubiri jamaa yako aitwe jukwaani.

Andy Irvine/Paul Brady, 1976

Kufika 1976 watu wa Planxty walikuwa wamebadilishana viti. Lunny aliondoka 1973, Moynihan akaingia. Moore akaondoka 1974, akaingia Paul Brady, kijana wa Strabane, Ireland ya Kaskazini. Mwishoni mwa 1975 bendi ikavunjika. Irvine na Brady wakaendelea kuzunguka wawili tu, na albamu hii ndiyo matunda ya mzunguko huo. Lunny ndiye aliyeisimamia studioni na kupiga ndani yake, na Kevin Burke akaja na fidla.

Ina vipande kumi. Zumari hakuna. Ulichonacho ni sauti za watu wawili, nyuzi, na kinanda cha mdomo cha Irvine kinachochomoza hapa na pale. Kwa kuwa nafasi ni pana, unaanza kumsikia Irvine vizuri: namna anavyovuta neno kidogo nyuma ya mdundo, na namna mandolini yake inavyolijibu neno hilo kabla halijakauka. Wimbo wa kwanza ni wa mbio za farasi kwenye tambarare za Kildare. Anauanza kama hadithi ya kawaida, kisha ala zinapoachiwa nafasi, farasi wanakimbia kwa mapigo aliyoyaokota Balkani, kwenye ile safari ya Ulaya ya Mashariki. Unacheka kwa furaha bila kujua umefurahishwa na nini.

Kuna kitu kingine niliking'amua baada ya kuisikiliza mara nyingi: askari wamejaa kwenye albamu hii. Askari aliyejeruhiwa vitani aliyekuwa mchimba makaa, askari anayemtorosha binti wa tajiri, msichana anayemfuata mpenzi wake jeshini, na sajini anayeandikisha vijana kwa hila. Hawakutangaza kwamba wanatengeneza albamu ya vita. Nyimbo za kale za kisiwa hicho ndivyo zilivyo, kwa sababu kwa karne kadhaa vijana wake maskini walikwenda jeshini kama vijana wengine wanavyokwenda mjini kutafuta kazi.

Wimbo mmoja, mara mbili

Njia bora ya kuamua kati ya albamu hizi imo ndani yake, maana zote mbili zina wimbo wa "Arthur McBride". Usikilize wote mfululizo, wa 1973 kisha wa 1976. Hautakuchukua dakika kumi na moja.

Hadithi ni hii. Asubuhi ya Krismasi, kijana na binamu yake wanatembea ufukweni. Wanakutana na sajini, koplo na mtoto mpiga ngoma. Sajini anawaahidi fedha mkononi, nguo nzuri na mke mrembo wakikubali kuingia jeshi la mfalme wa Uingereza. Wao wanamjibu kwa adabu kwamba nguo hizo hatawapa bali atawaazima tu, na kwamba wataweza kupelekwa Ufaransa wakapigwe risasi kesho yake. Sajini anakasirika na kugusia upanga. Vijana wana fimbo. Yanayofuata ni kipigo, na ngoma inaishia baharini. Kwetu pia wako wazee waliochukuliwa na jeshi la Waingereza haohao, King's African Rifles, wakapelekwa mpaka Burma. Mjukuu wa mmoja wao hahitaji kufafanuliwa wimbo huu.

Kwa Planxty, Irvine ndiye mwimbaji, na bendi nzima inatembea naye. Inakwisha ndani ya dakika tatu. Ni wimbo wa vijana wenye afya njema: wanacheka, wanapiga, wanaondoka. Unaposikiliza, mguu wako unachezacheza.

Kwa albamu ya 1976 anayeimba ni Brady, peke yake na gitaa lake, karibu dakika saba. Aliupata wimbo huo, wenye beti nyingi zaidi, kwenye kitabu cha Carrie Grover, mama aliyezaliwa Nova Scotia, Kanada, akaishi Maine, Marekani, na kuandika nyimbo alizozisikia kwao. Yaani wimbo ulivuka bahari na wahamiaji, ukakaa huko, ukarudishwa nyumbani na Brady. Gitaa linatiririka chini bila kuchoka. Sauti inaanza kwa upole kabisa, kama mtu anayesimulia barazani, na upole huo ndio unaokushika, kwa sababu unamsikia kijana akijibu maneno ya sajini moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti, na unajua fimbo iko mkononi. Kipigo kinapofika unakuwa umekisubiri kwa dakika kadhaa. Bob Dylan aliporekodi wimbo huu mwaka 1992 alifuata njia ya Brady.

Lakini angalia: kwenye kipande kilichoipa sifa kubwa albamu yenye jina la Irvine, Irvine hayupo. Hapigi, haimbi. Amekaa pembeni akamwachia mwenzake dakika saba. Kwangu hilo linaeleza tabia ya kazi yake yote kuliko wasifu wowote. Popote alipo, wenzake wanasikika vizuri zaidi kuliko wanavyosikika bila yeye.

Ukiupenda zaidi wa 1973, una sikio la bendi: nenda na Planxty, kisha fuata albamu zao mbili zilizofuata, ya mwisho wa 1973 na ya 1974. Ukiupenda wa 1976, una sikio la msimulizi, na albamu ya wawili ndiyo yako.

Kama hutaki jaribio, na unaniuliza mimi nichague kwa niaba yako, nasema 1976. Sababu zangu mbili ni za vitendo. Kwanza lugha. Wengi wetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, na Kiingereza cha Ireland kikiimbwa juu ya zumari na nyuzi tatu kinapotea. Kwenye albamu ya wawili maneno yanakaa mbele. Hata hivyo matamshi ya Brady ni ya kaskazini kabisa, kwa hiyo tafuta maneno ya wimbo uyasome mara moja kabla. Pili kifaa. Nilizisikiliza zote mbili kwenye spika ya simu nikiwa jikoni, na mvumo wa chini wa zumari la O'Flynn ulitoweka wote, ikabaki sauti ya juu tu inayochoma. Albamu ya wawili ilistahimili. Planxty inataka spika za masikioni au redio nzuri ya mezani. Ukiwa nazo, hoja yangu ya pili inaanguka.

Kwa wanaopenda mdundo: East Wind au Mozaik

Sasa yale mapigo ya Balkani. Hesabu kwa vidole mezani. Jig, ngoma ya kucheza ya Ireland, inakwenda tatu tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mtu wa Pwani aliyekulia kwenye chakacha ataizoea mara moja. Sasa hesabu hivi, bila kupumzika: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Jumla saba. Rudia mpaka mkono wako uache kuchechemea. Hiyo ndiyo ngoma moja ya Bulgaria, na Wabulgaria huicheza harusini bila kuhesabu chochote. Irvine alipoisikia mwaka 1968 hakuiacha tena.

Ukitaka kuisikia kwa wingi, una njia mbili. East Wind ilitoka 1992, Irvine na mpiga zumari Davy Spillane, na karibu yote ni muziki wa Bulgaria na Makedonia. Yumo Nikola Parov, Mbulgaria anayeishi Hungaria na kupiga ala ambazo ukiziorodhesha utachoka, na yumo mwimbaji wa Hungaria Márta Sebestyén. Msimamizi wa albamu alikuwa Bill Whelan. Miaka miwili baadaye, Aprili 1994, Whelan huyohuyo alileta Riverdance, onyesho la ngoma za Ireland, kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, mjini Dublin, na ukisikiliza albamu hii kwanza utaelewa yale mapigo yaliyowashangaza watazamaji yalipitia wapi. Kihistoria ni albamu muhimu sana. Kwa masikio yangu ina kasoro: vinanda vya umeme vya wakati ule vimetandazwa juu ya kila kitu, na vimechakaa.

Mozaik walianza 2002: Irvine, Lunny, Parov, Mholanzi Rens van der Zalm na Mmarekani Bruce Molsky, ambaye fidla yake ni ya milima ya Appalachia. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa mbele ya watu mjini Brisbane, Australia, kwenye jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme. Hapa hakuna kinanda cha kufunika makosa. Ni watu watano na mbao na nyuzi. Wimbo wa Ireland unaishia kwenye ngoma ya Bulgaria, na fidla ya Molsky inaingia katikati na lafudhi yake ya Marekani bila kuomba ruhusa. Kati ya hizi mbili chukua Mozaik, isipokuwa wewe ni mtu wa Riverdance na unatafuta chimbuko lake.

Nyingine, kwa ufupi

Patrick Street, kuanzia 1986, ni kwa anayetaka kucheza. Kevin Burke na fidla, Jackie Daly na akodioni ya vitufe, Arty McGlynn na gitaa, Irvine na nyuzi zake na nyimbo. Daly anatoka Kanturk, wilaya ya Cork, na amebeba polka za Sliabh Luachra, milima ya mpakani mwa Cork na Kerry ambako akodioni na fidla vimeoana miaka mingi. Kama kwenu taarab ya zamani inapigwa, utamwelewa Daly upesi kuliko yeyote kwenye orodha hii.

Parallel Lines, 1982, ni Irvine na Dick Gaughan wa Scotland. Gaughan ana sauti nzito yenye hasira ya haki, Irvine ana sauti laini. Ukisikiliza wanavyopokezana unadhani ni mjomba na mpwa wanabishana jambo ambalo wote wawili wanaliamini. Naipendekeza kama albamu ya tatu, usianze nayo.

Ukitaka Irvine peke yake, iko Rude Awakening ya 1991. Karibu kila wimbo ni habari ya mtu aliyemhusudu: Emiliano Zapata wa Mexico, Douglas Mawson aliyerudi peke yake akiwa hai kutoka kwenye barafu ya Antaktika, Raoul Wallenberg, Mswidi aliyewaokoa Wayahudi wa Budapest, na Woody Guthrie aliyemfungulia njia. Nyimbo ndefu zenye majina na mahali vingi. Mtu anayependa tenzi za zamani, zile zinazokupa kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho, atakaa nayo. Asiyependa atachoka kwenye wimbo wa tatu, na simlaumu.

Sweeney's Men ya 1968 nawaachia wanaofuatilia historia. Ni nzuri, ila ni mbegu, na mti wake umeshakuwa mkubwa.

Kama tayari unaijua Planxty

Kwako wewe ulinganisho ni mwingine. Wale wanne wa mwanzo walirudiana, na mwanzoni mwa 2004 wakapiga mfululizo wa maonyesho ukumbi wa Vicar Street, Dublin, yaliyotolewa kama albamu mwaka huohuo. Liam O'Flynn alifariki Machi 2018, kwa hiyo hakutakuwa na nyingine. Weka "The West Coast of Clare" ya 1973, kisha ya 2004. Alipourekodi mara ya kwanza Irvine alikuwa na miaka thelathini, na wimbo ule wa kumkumbuka mtu aliyeondoka ulikuwa ukiimbwa na kijana. Vicar Street ana miaka sitini na moja. Sauti imepungua kimo kidogo na imekuwa na mchanga. Nyuzi ni zilezile, maneno ni yaleyale, na filimbi ya O'Flynn iko mahali pake palepale.